Katuni katika ufundishaji wa sayansi

Katuni katika ufundishaji wa sayansi ni matumizi ya hadithi za picha, ambamo watu, wanyama au hata vitu huzungumza kwa maneno yaliyoandikwa ndani ya viputo, kwa ajili ya kufundishia mada za sayansi shuleni. Katuni ya aina hiyo inaweza kuwa kisanduku kimoja kilichochorwa ubaoni kwa chaki, ukurasa wa visanduku sita au vinane, au kitabu kizima. Mchoro wa kawaida wa kitabu cha kiada huonyesha kitu kilivyo, pamoja na majina ya sehemu zake. Katuni huonyesha jambo likitokea: kuna mwanzo, kuna tatizo, kuna anayekosea na kuna anayembishia.

Nchini Tanzania jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya lugha. Mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali kwa kawaida husoma sayansi kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza hukuta Fizikia, Kemia na Biolojia zimeandikwa kwa Kiingereza, na mtihani pia. Aliyeeleza vizuri darasa la saba jinsi mbu anavyozaliana anaweza kukosa alama zote za swali hilohilo baada ya miezi michache, ingawa hajasahau chochote kuhusu mbu. Alichokosa ni maneno. Picha haibadiliki lugha inapobadilika, na hapo ndipo katuni inapopata kazi. Makala hii inaeleza kazi hiyo kwa kuchukua mifano kutoka Kibaha na Kisarawe, mkoani Pwani.

Kibaha na Kisarawe

Kibaha ni makao makuu ya mkoa wa Pwani, kilomita 40 hivi magharibi mwa Dar es Salaam katika barabara ya Morogoro. Kisarawe ni wilaya ya mkoa huohuo iliyo kusini-magharibi mwa jiji, juu ya vilima vya Pugu na nyuma yake. Maeneo haya mawili yana historia ndefu ya elimu. Shirika la Elimu Kibaha lilianzishwa katika miaka ya 1960 kwa msaada wa nchi za Nordiki, na likakabidhiwa kwa serikali ya Tanzania mwaka 1970. Shule yake ya sekondari ya wavulana ni miongoni mwa shule za vipaji maalumu nchini. Kisarawe iko Minaki, shule iliyoanzishwa na wamisionari Waanglikana, yenye asili yake Kiungani, Unguja.

Shule hizo za zamani, hata hivyo, si picha ya shule zote za huko. Wanafunzi wengi wa Pwani husoma katika shule za kata, ambazo nyingi zilijengwa kuanzia mwaka 2004 chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari. Ada ilipoondolewa kuanzia mwaka 2016, idadi ya wanafunzi iliongezeka tena. Kampeni ya kujenga maabara tatu katika kila shule ya kata, iliyopamba moto mwaka 2014 na 2015, ilileta majengo mengi, lakini jengo la maabara na maabara ni vitu viwili. Penye hadubini moja kwa wanafunzi sitini, au pasipo na hadubini kabisa, mwalimu hutafuta njia nyingine ya kuwaonyesha wanafunzi kisichoonekana kwa macho.

Wilaya hizi kwa upande mwingine zimejaa sayansi inayoonekana kwa macho. Kibaha kuna kiwanda cha viuadudu vya kuulia viluwiluwi vya mbu na kituo cha utafiti wa miwa. Mlandizi kuna mtambo wa maji wa Ruvu Juu. Reli ya kisasa inayotumia umeme wa volti 25,000 inapita Soga na Ruvu. Upande wa vilima vya Pugu kuna udongo mweupe wa kaolini, msitu wa Kazimzumbwi, na mapango ya popo yaliyoachwa na uchimbaji wa udongo huo. Mikorosho na mihogo iko kila mahali. Kuna hata kata ya Kibaha inayoitwa Picha ya Ndege, jina ambalo mwalimu wa Biolojia mwenye kipaji cha kuchora hawezi kuliacha lipite bure. Hadithi ya picha inayotokea mahali mwanafunzi anapopajua humpunguzia mzigo mmoja: hana haja ya kujifunza mazingira mapya kabla ya kujifunza dhana mpya.

Historia fupi

Shule hazikuzipokea katuni kwa mikono miwili. Mwaka 1954 Fredric Wertham, daktari wa magonjwa ya akili nchini Marekani, alitoa kitabu kilichodai kwamba vitabu vya katuni vinawaharibu watoto, na kwa muda mrefu baadaye walimu wengi waliviona kama adui wa kusoma. Mgeuko ulikuja polepole. Mwaka 1983 mchoraji Larry Gonick, pamoja na mwanabiolojia Mark Wheelis, alichapisha kitabu cha katuni kuhusu jenetiki, kisha vikafuata vya fizikia, kemia na takwimu. Japani, ambako watu wazima husoma katuni bila aibu, kampuni ya Ohmsha ilitoa mfululizo mrefu wa vitabu vya katuni vya hisabati na sayansi. Mwanabiolojia Jay Hosler wa Marekani alichora maisha ya nyuki katika kitabu kilichotoka mwaka 2000. Utafiti wake na K. B. Boomer, uliochapishwa mwaka 2011, uliwahusu wanafunzi wa chuo ambao sayansi haikuwa fani yao, nao ulionyesha kwamba mtazamo wao kuhusu biolojia uliboreka baada ya kusoma kitabu cha katuni. Inafaa kukumbuka kwamba hao walikuwa wanafunzi wa chuo wanaosoma kwa lugha yao. Shule ya kata ni jambo jingine.

Afrika Mashariki ilikuwa na wasomaji wa katuni muda mrefu kabla ya walimu kufikiria kuzitumia. Chakubanga wa Christian Gregory alikuwa akichekesha wasomaji wa gazeti la Uhuru tangu miaka ya 1960. Katika miaka ya 1970 likaja gazeti la Sani, ambalo jina lake linatokana na majina ya waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nico ya Mbajo. Watu waliokua wakiwasoma Ndumilakuwili, Kipepe na Madenge walijifunza bila kufundishwa kwamba visanduku husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, kwamba kiputo chenye mkia ni maneno na chenye viduara ni mawazo, na kwamba mistari midogo nyuma ya mguu maana yake ni mbio. Mwalimu wa leo anarithi ujuzi huo. Jambo la kuchekesha ni kwamba gazeti hilohilo, likikutwa chini ya dawati wakati wa kipindi, lilikuwa na hatari ya kutorudi kwa mwenyewe.

Matumizi ya kuelimisha yalianza zaidi upande wa afya. Shirika la Femina, lililoanza mwaka 1999, lilitoa jarida la Si Mchezo! kuanzia mwaka 2003 kwa ajili ya vijana wa vijijini, likitumia hadithi za picha kuzungumzia Ukimwi, ujauzito na maisha. Nchini Kenya, Shujaaz ilianza mwaka 2010 kama jarida la katuni la bure lililosambazwa pamoja na gazeti, na baadaye likafika Tanzania. Mojawapo ya hadithi zake ilionyesha vifaranga vilivyopakwa rangi ili mwewe asivitambue kuwa ni chakula. Ilikusudiwa kuwa somo la ufugaji, lakini mwalimu wa Biolojia anaona ndani yake mada ya mawindo na mwindaji, pamoja na swali zuri la kujaribu: je, ni rangi yoyote, au ni rangi ambayo mwewe hajaizoea? Mwaka 2014 Ubongo Kids ilianza kuonekana kwenye televisheni ya Tanzania, ikifundisha hisabati na sayansi kwa vibonzo vinavyotembea na nyimbo za Kiswahili. Vibonzo vya televisheni vina mvuto ambao karatasi haina. Karatasi nayo ina faida yake: haihitaji umeme, na humngoja msomaji wa polepole.

Kwa nini picha na maneno pamoja

Maelezo yanayotajwa zaidi ni ya mwanasaikolojia Allan Paivio, aliyependekeza mwaka 1971 kwamba akili huhifadhi mambo kwa njia mbili, ya maneno na ya taswira, na kwamba kilichohifadhiwa kwa njia zote mbili hukumbukwa kwa urahisi zaidi kuliko kilichohifadhiwa kwa moja. Richard Mayer na wenzake waliendeleza wazo hilo, wakaonyesha kwamba maneno na picha husaidia yanapokaa karibu na kusema jambo moja. Katuni hufanya hivyo kwa umbile lake, kwa kuwa kiputo hutoka mdomoni mwa anayehusika.

Utafiti wa namna hiyo ulionyesha pia upande wa pili. Kipande cha kuvutia kisichohusu dhana inayofundishwa hupunguza kile ambacho mwanafunzi anakumbuka. Kichekesho kikiwa kizuri kuliko somo, kitakachobaki ni kichekesho.

Katuni za dhana

Aina inayowafaa zaidi walimu wasiojua kuchora ni katuni za dhana, zilizoanzishwa Uingereza mwaka 1991 na Brenda Keogh na Stuart Naylor. Ni kisanduku kimoja tu. Watu watatu au wanne wanabishana kuhusu jambo la kila siku, kila mmoja na kauli yake, na hakuna anayetambulishwa kuwa ndiye mwenye jibu sahihi. Kauli zisizo sahihi huchukuliwa kutoka katika mawazo ambayo wanafunzi wenyewe huwa nayo. Mfano wa waanzilishi wenyewe ulihusu sanamu ya theluji iliyovikwa koti, na swali kama koti litaiyeyusha.

Theluji haina maana kwa mtoto wa Maneromango, lakini barafu ya muuza samaki anaifahamu. Muuza samaki hufunika kitalu chake cha barafu kwa gunia. Katika katuni, mmoja anasema: "Lifunue, gunia linaleta joto, barafu itayeyuka upesi." Wa pili anasema: "Gunia ndilo linalozuia joto la nje lisiingie." Wa tatu anasema: "Ni yaleyale, ukifunika usifunike." Wanafunzi wengi humuunga mkono wa kwanza, kwa sababu usiku blanketi huwapa joto, nao hudhani blanketi lina joto lake lenyewe. Jaribio la kuamua halihitaji maabara: vipande viwili vya barafu vya ukubwa mmoja, sahani mbili kivulini, kitambaa kizito na saa moja ya kusubiri. Katuni imefanya kazi yake kabla ya jaribio kuanza, kwa kuwa kila mwanafunzi amekwisha kuchagua upande na anataka kujua nani alikuwa sahihi. Mwanafunzi mwenye haya, ambaye kamwe hanyooshi mkono kusema "mimi nadhani", huweza kusema "mimi namuunga mkono wa tatu", na hata akikosea, aliyekosea ni yule wa kwenye picha.

Mbu wa Kibaha

Mfano wa hadithi yenye visanduku vingi unaweza kuchukuliwa kutoka katika mada ya malaria. Kiwanda cha viuadudu cha Kibaha, kilichojengwa kwa ushirikiano wa Tanzania na Kuba na kufunguliwa mwaka 2015, huzalisha dawa zitokanazo na bakteria. Bakteria mmojawapo ni Bacillus thuringiensis wa aina ya israelensis. Bakteria huyo hutengeneza fuwele za protini. Kiluwiluwi anapozila pamoja na chakula chake ndani ya maji, sumu huharibu ukuta wa utumbo wake, naye hufa. Dawa hiyo haiui mbu mzima.

Hadithi inaweza kwenda hivi. Katika kisanduku cha kwanza mjukuu anarudi kutoka shuleni na kupita kwenye dimbwi lililobaki katika shimo la kufyatulia matofali. "Shikamoo bibi. Dimbwini kuna minyoo inacheza!" Bibi anajibu: "Marahaba. Si minyoo hiyo, mjukuu wangu, hao ni mbu wa wiki ijayo." Kisanduku cha pili kiko chini ya maji, na viluwiluwi wanasema: "Sisi kazi yetu ni kula tu." Katika cha tatu dawa inatiwa dimbwini, na wao wanaila. Katika cha nne wameshika matumbo. Pembeni yao, wachache wenye umbo lililojikunja kama alama ya mkato wanatazama tu, na mmoja anasema: "Mimi siku hizi sili. Nangoja mabawa." Kisanduku cha tano ni siku mbili baadaye: mbu anatoka juu ya maji, na bibi anauliza: "Dawa tulitia, huyu katoka wapi?" Kisanduku cha sita kiko wazi.

Ule uwazi wa mwisho ndio somo. Wanafunzi wanapaswa kuujaza, na hawawezi kuujaza bila kuelewa kwamba mbu hupitia hatua nne, yaani yai, kiluwiluwi, pupa na mbu kamili. Kwamba dawa hii huua kwa kuliwa. Na kwamba pupa hali. Kutoka hapo wenyewe hufikia hitimisho kwamba dawa lazima irudiwe, jambo ambalo katika vitabu hupatikana kama sentensi moja ya kukariri. Kuna watakaouliza pia kama bakteria huyo atamdhuru samaki au bata anayekunywa maji yale. Hilo ni swali la mwanasayansi, na mwalimu anaweza kueleza kwamba sumu hiyo hufanya kazi katika utumbo wa viluwiluwi vya mbu na wadudu wachache wanaofanana nao.

Hadithi hiyo inamdai mchoraji uangalifu. Kiluwiluwi wa Anofelesi, mbu anayeeneza malaria, hulala sambamba na uso wa maji. Yule wa Kuleksi huning'inia kichwa chini, akipumua kwa mrija wa mkiani. Mbu mzima wa Anofelesi akitua huinua mkia juu, mwili wake ukiwa umeinama. Kuleksi hukaa mlalo. Mchoraji asiyejua tofauti hiyo atachora mbu wowote tu, kwa kawaida yule anayemsumbua usiku, na wanafunzi mia watajifunza kosa lake. Kuchagua dimbwi la shimo la matofali badala ya pipa la maji la nyuma ya nyumba nako si kwa bahati: Anofelesi wa kwetu hupenda vidimbwi vinavyopigwa na jua, wakati mapipa na makopo ni makazi zaidi ya mbu wa aina nyingine, akiwemo Aedesi anayeeneza dengi.

Maji kupanda Kisarawe

Fizikia hupata mada yake katika maji. Kisarawe iko karibu na Dar es Salaam, lakini kwa miaka mingi mji wake uliishi kwa shida ya maji, huku maji ya Ruvu yakienda jijini. Mradi wa kuyapandisha maji hayo kutoka Kibamba hadi Kisarawe ulizinduliwa mwaka 2020. Mwanafunzi wa Kisarawe anajua maana ya ndoo, kwa hiyo anasikiliza.

Katuni ya dhana inaweza kuweka watoto watatu bombani chini ya mlima, wakishangaa maji yanavyotoka kwa nguvu kuliko kwenye bomba la juu. Mmoja anasema ni kwa sababu tangi ni kubwa, wa pili kwa sababu bomba la huku ni nene, wa tatu kwa sababu tangi liko juu zaidi ya bomba hili. Jibu ni la tatu. Kanieneo ya maji yaliyotulia hutegemea kimo cha maji, wala haitegemei upana wa tangi. Kila mita 10 za kimo huongeza kanieneo ya paskali 100,000 hivi, ambayo inakaribia ile ya hewa inayotuzunguka. Pampu inayoyapandisha maji mlimani lazima kwanza ishinde kanieneo hiyo. Hesabu hii ni ya dakika mbili ubaoni, lakini ikitanguliwa na ubishi wa bombani huwa na kitu cha kushikia.

Lugha ya viputo

Suala la lugha ya kufundishia sekondari ni la zamani. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba shule za sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili, lakini serikali haikulikubali pendekezo hilo. Sera ya elimu ya mwaka 2014 ilifungua tena mlango, lakini masomo ya sayansi ya sekondari bado hutahiniwa kwa Kiingereza. Mwalimu wa kidato cha kwanza hana nafasi ya kungoja mjadala huo umalizike, maana wanafunzi wako mbele yake Jumatatu asubuhi.

Katuni inamruhusu apite njia ya hatua tatu. Kwanza, wanafunzi husoma hadithi yenye viputo vya Kiswahili na kubishana kwa Kiswahili mpaka dhana ieleweke. Pili, hupewa picha zilezile zikiwa na viputo vitupu, pamoja na orodha ya maneno kumi hivi ya Kiingereza yanayohusika, nao hujaza maneno ya wahusika kwa lugha hiyo. Sentensi za kiputo ni fupi kwa lazima, na sentensi fupi ndiyo ambayo mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kuiandika bila kuumbuka. Tatu, picha huondolewa, na wanafunzi huandika aya moja ya maelezo kama inavyotakiwa katika mtihani. Wanaoishia hatua ya pili wamefanya somo la kufurahisha lenye faida ndogo.

Wazo la kumvusha mwanafunzi kwa vitabu vyenye sentensi fupi, picha na msaada wa Kiswahili lilifanyiwa kazi katika miaka ya 2010 na Chuo Kikuu cha Dodoma na washirika wake, katika mradi wa vitabu vya kidato cha kwanza. Upande wa istilahi, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na kamusi hiyo bado ni msaada kwa anayeandika viputo. Istilahi zenyewe hazijatulia zote: mmea mmoja hufanya usanisinuru katika kitabu kimoja na usanidinuru katika kingine. Mwandishi wa katuni achague moja na kubaki nayo hadithi nzima.

Kuandaa na kutumia darasani

Gharama kubwa ya katuni ni kurudufu nakala. Shule isiyo na mashine hutumia karatasi ya manila: ukurasa mmoja mkubwa kwa kila kisanduku, unaotundikwa mmoja baada ya mwingine ili darasa likisie kitakachofuata. Herufi za viputo zionekane kutoka dawati la nyuma, na katika darasa la wanafunzi sabini hiyo maana yake ni maneno machache sana. Kiputo chenye zaidi ya maneno kumi na tano hakisomeki, na mara nyingi ni dalili kwamba mwalimu amehamishia maelezo ya daftari mdomoni mwa mhusika.

Ustadi wa kuchora hauhitajiki kwa kiwango ambacho walimu huogopa. Watu wa vijiti hutosha kwa ubishi. Kinachotakiwa kuwa sahihi ni kile kinachofundishwa, kama mbu, bomba au ua. Karibu kila darasa lina mwanafunzi mmoja au wawili wanaojaza kurasa za nyuma za daftari kwa michoro, na mara nyingi si wale wanaoongoza katika mtihani. Kuwapa kazi ya kuchora huku wengine wakihakiki usahihi huwapa heshima ambayo somo la sayansi halijawahi kuwapa. Mwanafunzi anayetakiwa kuchora safari ya tonge la ugali kutoka mdomoni hadi utumbo mwembamba hugundua haraka asichokijua, kwa sababu kisanduku cha ini na nyongo hakiwezi kuchorwa kwa kukisia.

Mapungufu

Katuni huvipa vitu nia. Mbu huchorwa akicheka kwa ukatili, atomu ikitamani elektroni, mmea ukiamua kugeukia jua. Mtoto mdogo haoni shida, lakini wa kidato cha tatu anaweza kuandika katika mtihani kwamba mbu anataka kuwaambukiza watu malaria. Mbu jike hunyonya damu ili apate virutubisho vya kutengeneza mayai, na vimelea vya malaria ni abiria ndani yake. Dume hanyonyi damu kabisa. Mwalimu inambidi aseme wazi, kabla ya kufunga kipindi, lipi katika katuni lilikuwa la mchezo.

Ukubwa nao hupotosha. Kimelea kikichorwa sawa na askari mwenye mkuki, na chembe nyekundu ya damu sawa na nyumba anayoivamia, mwanafunzi hana njia ya kujua kwamba chembe hiyo ina upana wa maikromita saba au nane, yaani zaidi ya mia moja zikipangwa mstari ndipo zijaze milimita moja. Kisanduku kidogo pembeni chenye kipimo hutosha kurekebisha, lakini mara nyingi husahauliwa.

Kwa wanafunzi wasioona, au wenye uoni hafifu wanaokaa nyuma, katuni ya ukutani haisemi chochote. Njia iliyo rahisi ni kuigiza: wanafunzi wawili au watatu husimama mbele na kusema viputo kwa sauti, na mwingine hueleza kinachoonekana. Darasa zima hufaidika, na kisanduku cha mwisho huachwa kimya kama kilivyo kwenye karatasi.

Utunzaji ni jambo dogo linaloamua kama kazi itatumika mwaka ujao. Manila zilizokunjwa na kuwekwa sakafuni stoo, katika shule nyingi za Pwani, huliwa na mchwa kabla ya muhula kuisha. Zikiviringishwa na kuning'inizwa kwa kamba kwenye kenchi, jina la mada likiwa limeandikwa kwa nje, mwalimu mwingine anaweza kuzishusha na kuzitumia.